Tumbo Joto Si Maneno Matupu

Ukitoka Dar es Salaam kwenda Iringa kwa basi, ukishaipita Ruaha Mbuyuni unaanza kupanda Kitonga. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande wa pili ni korongo, na mbele yako malori yenye mizigo yanatambaa. Hapo dereva hasimami ili abiria wachimbe dawa, hata ukilia. Kwa miaka kadhaa mimi nilikuwa naipanda Kitonga nikiwa bado Mikumi: tumbo linaunguruma, unafuata msokoto chini ya kitovu, halafu viganja vinalowa jasho. Nikajizoesha kusafiri na njaa kutwa nzima. Halikukoma.

Nilitibiwa kila kitu. Amiba mara nne, taifodi mara mbili, vidonda vya tumbo mara moja, minyoo kila mwaka. Shangazi yangu, mtu wa Tanga, alishikilia kwamba ni chango, akanichemshia mizizi. Kila tiba ilinipa wiki mbili za matumaini, kisha tumbo likarudi palepale. Mpaka siku daktari mmoja, mama wa makamo, alipoweka kalamu chini akaniuliza, “Mwanangu, hilo tumbo huwa linakusumbua ukiwa likizo?”

Nilinyamaza muda mrefu. Jibu lilikuwa: mara chache mno.

Nayaandika haya kwa ajili ya wenzangu wenye tumbo la namna hii, ambalo madaktari huliita IBS, wanaojua choo cha kila stendi na kila jengo la Posta, na ambao wamejitahidi kula vizuri, kufanya mazoezi na kuacha vyakula, lakini wanaona kadiri wanavyojitahidi ndivyo tumbo linavyowachachamalia.

Lugha ilijua kabla ya hospitali

Magazeti yetu yakitaka kusema kwamba wakubwa wana wasiwasi, huandika “vigogo matumbo joto”. Kila msomaji anaelewa. Hakuna anayedhani kwamba vigogo wamekula samaki aliyeoza. Waswahili walishaona kwamba hofu ina makazi yake mwilini, na makazi hayo ni tumboni.

Sayansi ilifika huko kwa njia ndefu. Mwaka 1822, kwenye kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana mmoja aliyeitwa Alexis St. Martin alipigwa risasi ya bahati mbaya. Alipona, lakini alibaki na tundu lililofunguka moja kwa moja hadi ndani ya tumbo la chakula. Daktari wake, William Beaumont, alilitumia tundu hilo kama dirisha kwa miaka mingi, na mwaka 1833 akachapisha aliyoyaona. Mojawapo ni hili: mgonjwa wake akikasirika, sura ya ndani ya tumbo hubadilika na chakula huchelewa kusagika. Hasira ilikuwa inaonekana kwa macho, juu ya nyama.

Leo tunajua zaidi. Kuta za njia ya chakula, kuanzia umio hadi njia ya haja kubwa, zimetandazwa mtandao wa neva wenye zaidi ya seli milioni 100. Mtandao huo unaweza kusukuma chakula na kuamua lini utumbo ukaze na lini ulegee bila kungoja amri ya ubongo. Hata hivyo una njia za kuwasiliana na ubongo, na kubwa kati ya hizo ni neva iitwayo vagasi. Nilipojifunza kuhusu neva hiyo, kilichonishangaza ni upande ambao habari zinaelekea. Takriban nyuzi nane kati ya kumi za vagasi hupeleka habari kutoka tumboni kwenda kichwani. Kichwa kinasikiliza kuliko kinavyosema.

Ubongo ukihisi hatari, hutoa kemikali za tahadhari, zikiwemo adrenalini na kotisoli. Sehemu ya juu ya tumbo hupunguza kazi, ndiyo maana hamu ya kula hupotea au chakula hukaa kifuani kama jiwe. Utumbo mpana hufanya kinyume: hukaza na kusukuma haraka. Mtu anashindwa kumaliza andazi moja, na dakika kumi baadaye anatafuta choo. Ukubwa wa hatari yenyewe haujalishi sana. Barua ya kupunguzwa kazini, ada ya mtoto isiyopatikana, mtihani, simu ya mdai, vyote utumbo huvipokea kwa namna moja.

Hayo humpata kila mtu. Tofauti ya mgonjwa wa IBS iko kwenye usikivu. Mwaka 1973 mtafiti wa Uingereza, James Ritchie, alipuliza puto dogo ndani ya utumbo wa chini wa watu wazima wa afya na wa wagonjwa. Kwa kiasi kilekile cha hewa, zaidi ya nusu ya wagonjwa walisikia maumivu, na wenye afya waliosikia maumivu walikuwa wachache mno. Gesi ambayo jirani yako hata haijui kama anayo, wewe unaisikia kama kisu. Huongezi chumvi. Waya zinazopeleka habari kwako zimefunguliwa sauti kubwa.

Ndiyo maana neno linaloniudhi katika sentensi tunayoambiwa mara nyingi, “ni mawazo tu”, ni hilo “tu”. Mawazo yamo, sikatai. Lakini utafiti uliofuatilia watu wa Australia kwa miaka 12, ukachapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba mambo huenda pande zote mbili: wapo walioanza na wasiwasi, tumbo likafuata baadaye, na wapo walioanza na tumbo, wasiwasi ukafuata. Mtu aliyeaibika mara mbili ndani ya daladala atakuwa na wasiwasi. Huo wasiwasi hakuzaliwa nao.

Na wapo ambao chanzo ni mdudu halisi. Mwaka 2000, katika mji mdogo wa Walkerton nchini Kanada, maji ya bomba yaliingiwa na bakteria wa kinyesi cha ng'ombe. Watu zaidi ya 2,300 waliugua, saba wakafariki. Watafiti waliwafuatilia walionusurika, na miaka minane baadaye bado kama 15 kati ya kila 100 ya waliougua walikuwa na dalili za utumbo huu wenye hasira, ilhali bakteria walishaondoka zamani. Kwa ujumla, kama mtu mmoja kati ya kumi wanaopata maambukizi ya utumbo hubaki na hali hii baadaye, na hatari ni kubwa zaidi kwa aliyeugua akiwa katika kipindi kigumu cha maisha. Fikiria sisi ambao kuharisha ni jambo la kila msimu wa mvua.

Jina lake, na namna linavyotambuliwa

Madaktari huuandika ugonjwa huu kwa herufi tatu, IBS, kifupi cha maneno ya Kiingereza “irritable bowel syndrome”. Kiswahili bado hakijatulia kwenye jina moja. Mimi nauita utumbo mwepesi kuchokozeka, kwa sababu ndivyo ulivyo: haujatoboka, hauna kidonda wala uvimbe, ila unachokozeka upesi.

Vigezo vinavyotumika duniani vilipitiwa upya mwaka 2016. Kwanza kuna maumivu ya tumbo, kwa wastani walau siku moja kwa wiki katika miezi mitatu iliyopita, na dalili ziwe zilianza si chini ya miezi sita nyuma. Maumivu hayo yaambatane na mawili kati ya haya: yanahusiana na kwenda haja, idadi ya kwenda imebadilika, au sura ya choo imebadilika. Wengine huharisha, wengine hukosa choo siku tatu nne kisha kikatoka vipande vigumu kama vya mbuzi, na wengine hupata yote mawili kwa zamu. Mtu anayeumwa tumbo la juu, chini ya kifua, hasa akiwa na njaa au usiku, ana habari nyingine. Huko ndiko vidonda vya tumbo hukaa.

Utafiti mkubwa wa nchi 33 uliotumia vigezo hivyo ulikuta takriban watu wanne kati ya 100 wakiwa na hali hii, wanawake wakizidi wanaume. Wanawake wengi watakuambia kwamba siku za hedhi tumbo huwa baya zaidi, na ni kweli.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo wengi wetu tunapopotelea. Kwenye zahanati nyingi za Afrika Mashariki, anayelalamika tumbo hupimwa Widal. Kipimo hicho kilibuniwa mwaka 1896. Hakimtafuti mdudu wa taifodi mwenyewe, kinatafuta kingamwili zake kwenye damu, na kingamwili zinaweza kubaki kutokana na maambukizi ya zamani au kuchochewa na vijidudu vingine. Katika nchi ambamo watu wengi wamewahi kukutana na vijidudu hivyo, Widal ya mara moja inaweza kusema “ndiyo” kwa mtu ambaye hana taifodi. Taifodi ya kweli ni homa inayopanda siku hadi siku na mwili unaoishiwa nguvu. Mtu anayekwenda kazini kila siku na kuumwa tumbo kila Jumatatu kwa miaka mitatu hafanani nayo.

Kisha zinakuja antibayotiki. Huua hata bakteria wema wa utumbo, na kuzitumia mara kwa mara kunahusishwa na kuongezeka kwa dalili hizi hizi. Nafuu ya wiki mbili niliyokuwa naipata ilinidanganya. Sehemu yake ilikuwa mwendo wa kawaida wa ugonjwa wenyewe, ambao hupanda na kushuka. Sehemu nyingine ilikuwa faraja ya kuambiwa kwamba tatizo lina jina na dawa.

Hiyo haina maana kwamba usipimwe. Pimwa, ila upimwe vizuri na mara moja. Choo kiangaliwe giadia, amiba na minyoo. Kama umekulia pembezoni mwa Ziwa Victoria, kichocho cha utumbo kisisahaulike. Damu iangaliwe wingi wake, na VVU vipimwe. Na kuna dalili ambazo hazikubali kuitwa IBS mpaka zichunguzwe: damu kwenye choo, kukonda bila kukusudia, homa, upungufu wa damu, kuharisha kunakokuamsha usingizini, uvimbe unaoshikika, ndugu wa karibu aliyepata saratani ya utumbo mpana, au tumbo lililoanza kubadilika ukiwa umeshafika miaka 45 au 50. Mwanamke wa umri huo ambaye tumbo limeanza kujaa na kuvimba bila kupungua aombe pia kuangaliwa ovari. Ukiwa na lolote kati ya hayo, iache makala hii uende hospitali kwanza.

Kama hayapo na vipimo ni safi, amini. IBS haigeuki kuwa saratani na haipunguzi umri.

Kula vizuri kunapoumiza

Nilipoamua kujijali, nilifanya kile ambacho kila mtu hushauri. Maharage badala ya nyama. Bakuli la tikiti na embe asubuhi. Parachichi zima kwenye saladi yenye vitunguu vibichi. Glasi ya maziwa usiku. Pumba za ngano kwenye uji. Ndani ya mwezi mmoja nilikuwa na hali mbaya kuliko nilipokuwa nakula chipsi mayai. Nililia, kwa kweli. Niliona mwili wangu unakataa wema.

Maelezo yake nilikuja kuyapata baadaye. Katika Chuo Kikuu cha Monash huko Melbourne, Peter Gibson na Sue Shepherd walikusanya kundi la sukari na wanga mfupi ambao utumbo mwembamba hauunyonyi vizuri. Ukifika kwenye utumbo mpana, huvuta maji, na bakteria huuchachusha ukatoa gesi. Kwa mtu wa kawaida hilo halina shida, ni chakula cha bakteria wema. Kwa utumbo ambao sauti yake imefunguliwa hadi mwisho, gesi hiyo ni mateso. Na orodha ya vyakula vyenye wanga huo kwa wingi ilikuwa kama menyu yangu mpya: maharage, tikiti, embe, kitunguu, ngano, maziwa, parachichi.

Habari njema ni kwamba jiko letu lina msingi mzuri. Wali, ugali wa mahindi, viazi mviringo, ndizi mbichi za kupika, mayai, samaki, kuku, nyama, mchicha, sukuma wiki, nyanya, karoti, papai, chungwa na nanasi huwa ni salama kwa wengi. Ndizi mbivu ina jambo lake: ikiwa ngumu kidogo haina tabu, ikishaiva hadi madoa wanga unaochokoza huongezeka.

Kitunguu ndicho kigumu, maana mchuzi wetu huanza nacho. Watu huvichagua vipande na kuviweka pembeni ya sahani wakidhani wameponea. Hawajaponea. Wanga wa kitunguu na wa kitunguu saumu huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo umeshaingia kwenye mchuzi. Lakini hauyeyuki kwenye mafuta. Kaanga vipande vikubwa kwenye mafuta, viopoe kabla hujatia nyanya au maji, na ladha itabaki bila mkosaji. Majani mabichi ya kitunguu nayo hayana shida. Ni ile sehemu nyeupe ya chini inayosumbua. Tangawizi, bizari na iliki endelea nazo.

Maharage nayo usiyafukuze. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, yachemshe kwa maji mapya, mwaga na hayo, kisha uyapike. Sehemu kubwa ya wanga huo hutoka na maji. Anza na vijiko vitatu, si bakuli.

Kwenye maziwa kuna jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Binadamu wengi wakishakua hupoteza uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti wa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonyesha kwamba katika eneo letu uwezo wa kubaki na kimeng'enya hicho ukubwani ulijitokeza kwa njia yake, tofauti na ile ya Ulaya, na umeenea sana kwenye jamii za wafugaji. Kwa hiyo Mmasai anayeshinda kwa maziwa na Mzaramo anayeharishwa na glasi moja wote wako sawasawa na miili yao. Ukiwa wa kundi la pili, jaribu mtindi, ambao sukari yake imepunguzwa na bakteria, au punguza tu maziwa kwenye chai.

Kuhusu nyuzinyuzi, aina ni jambo la msingi kuliko wingi. Pumba za ngano huwakwaruza wengi wenye hali hii. Nyuzinyuzi zinazovimba na kuwa kama uteute husaidia zaidi, na zinazoaminika zaidi katika tafiti ni maganda ya ispagula, ambayo maduka ya Wahindi huyauza kwa jina la isabgol. Anza kijiko kidogo kimoja kwa siku na maji mengi. Ukianza na vitatu utanilaumu.

Sasa onyo, na nalisema kwa uzito. Orodha ile ya Monash haikutungwa ili mtu aishi nayo. Unapunguza kwa wiki mbili hadi sita, unaona kama kuna nafuu, kisha unarudisha chakula kimoja kimoja ili umjue adui wako halisi ni yupi. Wengi hugundua ni vitu viwili vitatu tu. Kama hakuna nafuu baada ya wiki sita, rudi kwenye chakula chako, tatizo haliko hapo. Wanaobaki kwenye kupunguza huwanyima bakteria wema chakula, hukonda, na mwisho wake huogopa kila sahani. Mjamzito, mtu aliyekonda tayari, au mwenye historia ya kujinyima chakula asiianze bila mtaalamu wa lishe. Nimekutana na dada aliyebaki na wali mweupe na maji. Alikuwa amepoteza ladha ya maisha, na tumbo lilikuwa linamuuma vilevile.

Kabla ya orodha yoyote, kuna mambo mepesi ambayo miongozo ya Uingereza huyatanguliza: kula kwa saa zilezile, usiruke mlo, tafuna polepole, chai na kahawa visizidi vikombe vitatu kwa siku, soda na pilipili vipunguzwe. Kuruka mlo ndilo kosa langu la safarini. Utumbo uliokaa mtupu kutwa ukipokea sahani kubwa jioni hushtuka, kwa sababu chakula kikiingia juu, utumbo mpana hupata ishara ya kusukuma, na mlo ukiwa mkubwa ishara ni kali. Wanaofunga Ramadhani hulijua hilo wakati wa futari: tende tano, glasi ya juisi ya embe, kunde, tambi na mihogo ya nazi ndani ya robo saa. Fungua kwa maji na tende moja au mbili, uji wa mchele, kasali, kisha urudi kula kiasi. Anayezidiwa kweli azungumze na daktari wake na sheikh wake. Ugonjwa una nafasi yake katika dini.

Mawazo nayo yanatibika

Ukishaelewa kwamba kichwa na tumbo vinazungumza, kutibu upande mmoja tu hakuleti maana. Hapo wengi hukunja uso, wakiona kama wanaambiwa wana kichaa. Hebu tuangalie ushahidi. Mwaka 1984 huko Manchester, Peter Whorwell aliwatibu wagonjwa 30 sugu; waliopewa tiba ya kulegezwa hadi katika hali ya usingizi mwepesi, wakielekezwa fikra zao kwenye utumbo uliotulia, walipona zaidi kuliko waliopewa mazungumzo ya kawaida na vidonge visivyo na dawa. Mwaka 2019 Uingereza ilijaribu tiba ya kubadili fikra na mwenendo kwa wagonjwa 558, kwa simu au kwa intaneti, na ikasaidia zaidi ya matibabu ya kawaida peke yake.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la Ted Kaptchuk wa Harvard, mwaka 2010. Aliwapa wagonjwa vidonge na kuwaambia wazi kwamba havina dawa yoyote ndani. Kati ya watu 80, nusu walivimeza kwa wiki tatu, nusu hawakupewa chochote, na wote walizungumza na wahudumu waliowajali kwa namna ileile. Waliomeza walipata nafuu zaidi, kama sita kati ya kumi. Hata waliokosa vidonge, zaidi ya theluthi walipata nafuu kwa kusikilizwa tu. Tangu nisome hayo, sithubutu kuwacheka wazee wanaosema ugonjwa husikia maneno.

Wanasaikolojia kwetu ni wachache na wana gharama. Lakini Zimbabwe imetufundisha jambo. Kuanzia mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafunza kina bibi wa Harare kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kutatua nao tatizo moja moja. Washona wana neno kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, ambalo ni pacha wa “mawazo” yetu. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua, na mpango huo umefika hadi Zanzibar. Haukupimwa kwa ajili ya tumbo, nakiri. Lakini njia yake naitumia: sichukui shida zote kwa pamoja. Jumapili jioni nachagua moja, naandika hatua moja ya kuchukua wiki hiyo, namweleza mtu mmoja.

Kupumua nako kuna maana, ukikufanya sawasawa. Mkono mmoja kifuani, mmoja tumboni. Wa tumboni ndio upande. Vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita au saba, dakika tano, kila siku, hata siku ambazo huumwi. Anayengoja msokoto ufike ndipo aanze kupumua amechelewa, mwili haujajifunza bado.

Na tembea. Huko Sweden, utafiti wa mwaka 2011 wenye wagonjwa 102 uliwataka nusu yao wafanye mazoezi ya wastani au ya nguvu zaidi kidogo, dakika 20 hadi 60, siku tatu hadi tano kwa wiki. Baada ya wiki 12 walikuwa na nafuu, na waliozidiwa kati yao walikuwa wachache kuliko upande usiofanya mazoezi. Kushuka kituo kimoja kabla na kumalizia kwa miguu kunatosha kuanzia. Kukimbia kwa nguvu nyingi, hasa baada ya kula, kunaweza kulichokoza tumbo.

Dawa zipo, na hazina aibu. Za kulegeza misuli ya utumbo kama hayosini au mebevarini husaidia msokoto; mafuta ya mnanaa yaliyo kwenye vidonge vyenye ganda linaloyeyukia utumboni husaidia pia, ingawa chai ya mnanaa haina nguvu hiyo. Loperamaidi huzuia kuharisha, ila usiitumie ukiwa na homa au damu kwenye choo. Daktari akikuandikia amitriptilini kidogo ya usiku, usishtuke ukisikia ni dawa ya sonona. Kwa dozi ndogo inashusha ile sauti ya neva za tumbo. Jaribio la Uingereza la mwaka 2023, lenye wagonjwa 463, lilionyesha kwamba dozi ya kuanzia miligramu 10 inasaidia kuliko kidonge kisicho na dawa, tena kwa wagonjwa wa kliniki za kawaida.

Mimi sijapona kwa maana ya kusahau kwamba nina tumbo. Nina daftari la kurasa mbili mbili: kushoto naandika nilichokula, kulia naandika siku ilivyokuwa, nimelala saa ngapi, nani alinikera, nani alinichekesha. Baada ya wiki nane niliona kitu ambacho kipimo kisingekiona. Maharage ya Jumamosi, nikiwa nyumbani na watoto, hayakuwahi kuniuma. Maharage yaleyale ya Jumatatu kabla ya kikao yaliniuma kila mara.

Mwezi uliopita nilisafiri tena kwenda Iringa. Saa kumi na moja alfajiri nilikula wali wa jana na yai, nusu kikombe cha chai ya rangi. Loperamaidi ilikuwa kwenye mkoba, sikuimeza. Mikumi tumbo liliuliza swali lake la siku zote. Nikaweka mkono juu yake, nikahesabu nne, nikahesabu saba, nikamwambia mama niliyekaa naye kwamba tumbo langu lina wasiwasi na mlima. Akanijibu, “Hata mimi, mwanangu,” akacheka, akanisogezea dirisha. Ruaha Mbuyuni basi liliposimama, nilishuka nikachimba dawa bila haraka, nikanunua ndoo ndogo ya vitunguu kumpelekea mama yangu, tukaanza kupanda.